Nesi mpya kwenye nyumba ya wazee: siku tatu za orientesheni uzitumieje

Swali nililoletewa kwa kifupi ni hili. Dada mmoja amemaliza shule ya LVN, yani nesi wa leseni wa daraja la chini, huku Texas, leseni imetoka, kapata kazi kwenye nyumba ya wazee zamu ya saa tisa mchana mpaka saa tano usiku. Wamemwambia orientesheni ni siku tatu tu, siku ya nne anakabidhiwa holo lake, yani korido ya vyumba yenye wazee kama 30, na yeye ndo chaji nesi, msimamizi wa zamu. Anauliza siku tatu zinatosha kweli, akubali au akatae, na kama akikubali akomae na nini hasa ndani ya hizo siku.

Mdogo wangu, hongera ya leseni kwanza. Na hapana, siku tatu hazitoshi, sio kwa nesi ambaye hajawahi kushika holo peke yake. Ila usije ukadhani wanavunja sheria, manake sheria ya shirikisho inataka CNA, yule msaidizi wa nesi, apate mafunzo yasiyopungua masaa 75, hilo limo tangu ile sheria ya 1987 ya kurekebisha nyumba za wazee, lakini nesi mwenye leseni hajatajiwa siku wala masaa ya orientesheni. Kilichoandikwa ni kwamba kituo kihakikishe manesi wake wana ujuzi wa kuhudumia wazee waliopo mle ndani. Basi. Na wanathibitisha kwa karatasi, ile orodha ndefu ya ujuzi ambayo wewe unasaini na nesi anayekufundisha anasaini.

Hiyo karatasi ndo silaha yako, na wengi wetu tunaitupa siku ya kwanza kabisa. Unafika, unapewa rundo la makaratasi, umechoka na video za moto na za kuosha mikono, mtu anakwambia saini tu hapa na hapa tumalize, na wewe kwa heshima na uoga wa ugeni unasaini. Usisaini! Kama hujawahi kulisha mtu kwa mpira wa tumboni mbele ya huyo anayekufundisha, acha mstari wazi. Kama hujaonyeshwa sanduku la dawa za dharura liko wapi na linafunguliwaje, acha wazi. Ikifika siku ya tatu una mistari kumi iko tupu, unaenda nayo kwa DON, mkuu wa manesi wa kituo, kwa utulivu kabisa, unamwambia hivi ndivyo ambavyo sijavifanya bado, naomba siku nyingine za kuvifanya nikiwa na mtu. Hujamlalamikia, hujasema unaogopa, umemuonyesha karatasi yake mwenyewe. DON mwenye akili anaongeza siku, kwasababu nesi mpya akikimbia wiki ya pili yeye ndo anakuja kushika lile holo usiku.

Sasa ukomae na nini. Watu watakwambia komaa na kugawa dawa, na kweli dawa zinatisha nitazifikia, lakini mimi nakwambia siku ya kwanza na ya pili komaa na kuwajua wazee wenyewe walivyo wakiwa wazima. Yani hali yao ya kawaida.

Manake hospitali na nyumba ya wazee ni vitu viwili. Hospitali ukiona mgonjwa kabadilika unabonyeza kitu watu wanakuja mbio. Hapa hakuna daktari kwenye jengo. Sheria inamtaka daktari amwone mzee angalau mara moja kila siku 30 kwa siku 90 za mwanzo, baada ya hapo kila siku 60. Miezi miwili hiyo! Na RN, nesi wa daraja la juu, anatakiwa awepo masaa 8 mfululizo kila siku, basi vituo vingi vinamweka mchana, kwahiyo saa moja jioni DON ameshaondoka, daktari yuko kwenye simu, uliyebaki ni wewe na ma-CNA wako. Kama LVN wewe huruhusiwi kufanya tathmini kamili ya RN, kazi yako ni kuona, kupima, kulinganisha na jana yake na kupiga simu mapema. Utalinganisha na nini kama humjui jana alikuwaje?

Na wazee hawaugui kama vijana. Mtu wa miaka 88 anaweza kuwa na nimonia bila homa, bila kikohozi cha maana, dalili pekee ikawa hajala chakula cha jioni na leo kamwita binti yake kwa jina la dada yake. Ukimkuta huyo siku ya kwanza ya kazi unasema ah, demensia, ule ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Nesi anayemjua anajua kwamba huyu mama hakosei jina la binti yake hata siku moja, na anajua kuwa saa kumi na moja jioni huwa yuko tayari mlangoni kwa dining na kiti chake cha magurudumu anagombea meza ya dirishani, na leo amekaa chumbani hajasogea. Huyo nesi anapima joto, presha, mapigo, oksijeni, anahesabu pumzi dakika nzima, anakuta pumzi 28, anapiga simu saa kumi na moja na nusu badala ya kumkuta hajitambui saa nne usiku. Ndo kazi yenyewe hiyo. Kuchanganyikiwa kwa ghafla sio uzee, ni dalili, mpaka uthibitishe vingine.

Kwahiyo kwenye orientesheni usimfuate nesi tu na toroli la dawa. Omba nusu siku ufuatane na CNA wa zamani wa lile holo, yule aliyekaa pale miaka. Kule kwetu shule zimetulea na madaraja, nesi ni nesi na mhudumu ni mhudumu, ukija na hiyo roho hapa umekwisha. CNA ndo anamwona mzee uchi kila siku, anaona wekundu kisiginoni, anajua nani anapewa maji mazito kwasababu anapaliwa, nani akisema naumwa tumbo anamaanisha kifua. Akija kukwambia "nesi, bibi wa chumba namba fulani leo siye yeye", acha kidonge mezani, sorry, usikiache mezani, kirudishe ukifungie kwenye toroli, lakini nenda ukamwone dakika hiyohiyo. Ukimpuuza mara moja mara ya pili hatokwambia.

Haya, dawa. Wazee 30, wengine wana vidonge kumi na mbili vya jioni. Desturi ya vituo vingi ni lisaa limoja kabla na lisaa limoja baada ya muda ulioandikwa, kwahiyo dawa ya saa tatu usiku una dirisha la saa mbili mpaka saa nne. Inaonekana nyingi mpaka mtu aanguke na simu tatu zilie. Texas vituo vingi vina medikesheni edi anayegawa dawa za kawaida, uliza mapema kama zamu yako anayo na je siku akikosa kuja nani anagawa. Yeye hachomi sindano, insulini zote ni zako.

Mpangilio wangu ni huu, wenzangu wengine wana wao. Wa kisukari kwanza, lakini insulini ya haraka sichomi mpaka nione sinia ya chakula kwa macho yangu, sio kuambiwa chakula kinakuja. Jikoni likichelewa dakika 40 na wewe umeshachoma, unajitafutia mzee anayetoka jasho na kutetemeka. Sukari chini ya 70 na bado anameza, gramu 15 za kitu cha sukari, kama nusu kikombe cha juisi, pima tena baada ya dakika 15. Kama hamezi vizuri usimwagie juisi mdomoni, hapo ni glukagoni, dawa ya kupandisha sukari, na simu ya dharura 911, kwa oda ya daktari na taratibu za kituo, ndo maana nimekwambia ujue lile sanduku la dharura liko wapi kabla hujalihitaji.

Baada ya kisukari, wale wanaolala mapema. Baadae wale wanaopenda kuongea, hao waweke mwisho ukae nao kidogo bila kukata stori. Usitoe dawa za watu watano kwenye vikombe ukavipanga eti uokoe muda, kila mtu anafanya, na siku kikombe kikimfikia asiye wake hakuna atakayekutetea. Angalia picha kwenye MAR, ile rekodi ya dawa za kila mzee, kwasababu wazee wengi hawavai ile bangili ya jina ya hospitali, na ukimuuliza mwenye demensia "wewe ndo Bwana Smith?" atakwambia ndio kwa adabu tu.

Kusaga vidonge uliza kabla. Dawa zilizotengenezwa zitoke polepole mwilini, na zile zenye ganda la kuzuia tindikali ya tumbo, hazisagwi, ukisaga ile ya polepole dozi ya siku nzima inaingia kwa mkupuo. Kama mzee hamezi vizima, usijitungie, piga famasi uulize kama ipo ya maji, omba oda ibadilishwe.

Halafu ufunguo wa dawa kali, zile za maumivu zinazofungiwa na kuhesabiwa. Hapa nikae kidogo. Unaingia saa tisa, mwenzako amechoka anataka kuondoka, mnatakiwa mhesabu pamoja, mmoja anashika kitabu mwingine anashika kadi za vidonge. Kitabu kinasema haidrokodoni ya mzee fulani zimebaki 17, wewe unaona kwenye kadi 16. Anakwambia "aa nilimpa saa nane nikasahau kuandika, nitaandika kesho". Anacheka, ni mtu mzuri, pengine ni Mkenya au Mtanzania mwenzako aliyekutafutia hiyo kazi. Usichukue ufunguo! Mwambie kwa upole dada andika sasa hivi, kwenye kitabu na kwenye MAR, mimi nakusubiri. Kama hesabu haikubali au hataki, ufunguo unabaki kwake na DON anapigiwa simu mkiwa wote mmesimama pale. Angalia na nyuma ya kadi kama karatasi imechanwa ikabandikwa selotepu, kidonge kinaweza kuwa kimebadilishwa. Ukishapokea ufunguo kile kilichopungua ni chako, na Bodi ya Manesi haiulizi ulikuwa mgeni au la.

Kuanguka. Utakuwa nako, wiki ya kwanza pengine. Usimwinue. Kaa naye chini, muulize, angalia kichwa, nyonga, mguu mmoja umekuwa mfupi au umegeukia nje? Kama hakuna aliyemwona akianguka, chukulia amegonga kichwa mpaka ijulikane vingine, anza vipimo vya fahamu kama kituo kinavyotaka, kawaida ni kila dakika 15 lisaa la kwanza halafu vinaachanishwa. Na swali la kwanza kichwani mwako liwe anatumia dawa ya kufanya damu nyepesi? Warfarini, Eliquis na ndugu zake. Kama ndio na amegonga kichwa, mwambie daktari hilo ndani ya sentensi ya kwanza. Familia nayo ipigiwe, usiku huohuo, hata kama anaonekana mzima. Familia zinasamehe kuanguka, haziwezi kusamehe kuja Jumapili na kukuta jeraha ambalo hakuna aliyewaambia.

Simu kwa daktari wa zamu ni somo peke yake kwa sisi wenye lafudhi. Usipige ukiwa mikono mitupu. Uwe na MAR wazi, vipimo vya sasa hivi, aleji, na hali yake ya kufufuliwa au kutofufuliwa. Anza na kwanini unapiga, sio na historia ya mzee tangu alazwe. Akitoa oda, rudia yote kwake, na namba zitaje tarakimu mojamoja, kumi na tano kwa Kiingereza na hamsini kwenye simu mbovu zinafanana mno, sema moja, tano. Akikukaripia kwa kumuamsha, mwache akaripie, andika muda uliopiga na alichosema. Asipopokea piga tena, kisha mganga mkuu wa kituo, na mzee akiwa anazidiwa 911 haihitaji ruhusa ya mtu aliyelala.

Hiyo hali ya kufufuliwa, kila zamu unapopokea ripoti ijue ya kila mzee au ujue inakaa wapi kwa haraka. Texas kuna fomu ya OOH-DNR, ya mtu asiyetaka kufufuliwa, na kama haipo au haijakamilika na moyo umesimama, unaanza kubonyeza kifua hapohapo, kituo kinatakiwa kuanza kabla ambulensi haijafika. Sio wakati wa kutafuta faili.

Ngozi nitakwambia moja tu. Mzee mpya akiletwa kutoka hospitali kwenye zamu yako, mgeuze umwone mwili mzima siku hiyohiyo, mfupa wa mkia, visigino, nyuma ya masikio kama anavaa mpira wa oksijeni, na uandike. Kidonda ambacho hakikuandikwa siku ya kuingia kinahesabika kimetokea kwenu. Na kwa wazee weusi, ule wekundu wa vitabuni hauonekani, tumia mkono wako, pasikie kama pana joto au pamekuwa pagumu au pamelegea kuliko pembeni.

Ukiona alama ya kipigo au mzee akakwambia kuna mtu anamuumiza, au pesa yake imeibiwa, usianze upelelezi wako wala usimwonee mwenzio haya. Akiwa ni suala la unyanyasaji au ameumia vibaya ripoti inatakiwa iende serikalini ndani ya masaa 2, mengine ya aina hiyo ndani ya 24, huku Texas ni HHSC, idara ya afya ya jimbo. Msimamizi unamwambia lakini kumwambia yeye hakukuondolei wewe wajibu.

Kuna mambo ya kwetu pia ambayo hakuna video ya orientesheni itakayokuambia. Moja, sisi tumelelewa kumhudumia mzee kila kitu, kumlisha, kumvisha, kumnyanyua, ndo heshima. Hapa mzee anayeweza kushika kijiko akilishwa kila siku baada ya muda hataweza tena, kwahiyo mpe kijiko umsubiri hata kama supu inamwagika. Pili, ana haki ya kukataa. Dawa, kuoga, kula. Unaeleza, unarudi baada ya nusu saa, akikataa tena unaandika na kumjulisha daktari, humshiki mikono na humfichi dawa kwenye pudini bila oda na ridhaa ya anayehusika. Tatu, Kiswahili chumbani kwa mzee acheni. Najua zamu za jioni tumejaa, CNA wawili wa Kakamega na wewe wa Moshi, stori zinanoga mkiwa mnamgeuza bibi wa watu, yeye amelala katikati anasikia mnacheka anajua mnamcheka yeye. Ongeeni kwenye chumba cha mapumziko. Na simu iliyo na kamera ibaki mfukoni, video ya kufurahisha yenye mzee nyuma yako inaweza kukugharimu leseni.

Utatukanwa rangi yako pia. Mara nyingine ni demensia, mara nyingine ni mtu mwenye akili timamu kabisa. Wa demensia toka nje rudi baadae, mpe mwingine ajaribu. Mwenye akili zake, mwambie kwa adabu kwamba hivyo hutaki kuitwa, na mjulishe msimamizi, huna haja ya kuvumilia kimyakimya eti kwasababu unahitaji kazi.

Na dabo, yani zamu mbili mfululizo. Wiki ya pili tu watakupigia, fulani hajaja unaweza kubaki mpaka asubuhi? Nyumbani kuna ada, kuna nyumba inajengwa, najua. Miezi mitatu ya mwanzo mdogo wangu kataa dabo. Masaa 16 kwa mtu anayeijua kazi ni magumu, kwa mtu ambaye bado anasoma majina ya wazee mlangoni ni hatari.

Sasa la kukubali au kukataa. Kazi yenyewe mimi ningekubali, nyumba za wazee zinakufundisha kuona mtu kwa macho bila mashine kuliko wodi nyingi. Usichokubali ni kuachiwa holo siku ya nne kama karatasi yako ina mapengo na DON amekataa kuongeza siku. Na kama utakataa, kataa kabla hujapokea ripoti na ufunguo. Ukishapokea wale wazee ni wako, ukiondoka bila kumkabidhi nesi mwingine hiyo inaweza kufika Bodi. Texas manesi tuna kinga inaitwa Safe Harbor, unaiomba kwa msimamizi kabla ya kuanza zamu unayoona itakufanya ushindwe wajibu wako kwa wagonjwa, au katikati ya zamu mambo yakibadilika, mfano nesi wa holo la pili ameondoka wakakuongezea wazee wake. Hairuhusiwi wakulipizie kwa kuiomba kwa nia njema. Fomu iko kwenye tovuti ya Bodi ya Manesi ya Texas, ichapishe leo nakala mbili uweke kwenye begi la kazi, manake saa tisa kasoro tano ukiwa unatetemeka hutaikumbuka inapatikana wapi.

Na kabla ya siku ya kwanza mpigie DON muulize vitatu tu, medikesheni edi yupo zamu yangu, RN wa kumpigia usiku ni nani, na nitafundishwa na nesi mmoja siku zote tatu au kila siku mtu mwingine. Akikujibu la tatu kwa kusitasita, omba awe mmoja.